Winston alipotea kabla ya sentensi ya mwisho

Wasomaji wengi wa riwaya ya George Orwell iitwayo 1984, iliyochapishwa mwaka 1949, huukumbuka mwisho wake kwa sentensi moja tu: kwamba mhusika mkuu, Winston Smith, alimpenda Kaka Mkubwa, kiongozi wa chama kinachotawala kimabavu. Kila ninapoirudia riwaya hiyo nazidi kuamini kwamba pigo lenyewe halimo katika sentensi hiyo. Limo kurasa chache kabla yake, katika kumbukumbu ambayo ni rahisi kuipita haraka kwa sababu msomaji anangoja kujua kama Winston atauawa.

Winston ameketi peke yake katika mkahawa wa Chestnut Tree, mbele yake pana ubao wa sataranji na glasi ya pombe kali iliyotiwa ladha ya karafuu. Bila kutarajia, inamjia siku moja ya utotoni. Mvua inanyesha kwa nguvu, maji yanatiririka kwenye kioo cha dirisha, naye, mtoto wa miaka tisa au kumi, analialia kwa uchovu wa kufungiwa ndani na kudai chakula kisichokuwepo, mpaka mama yake anatoka mvuani na kurudi na mchezo wa nyoka na ngazi. Ubao wenyewe umepasuka, na dadu zimechongwa vibaya hata hazitulii zikirushwa. Lakini wanacheza mara nane, kila mmoja anashinda mara nne, na mdogo wake wa kike, asiyeelewa lolote, anacheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Kisha Winston anaifukuza picha hiyo, akijiambia kuwa ni kumbukumbu ya uongo.

Ukurasa huo unaniumiza kuliko kurasa zote za mateso. Kazi ya mtu huyu katika Wizara ya Ukweli ilikuwa kubadili magazeti ya zamani ili yalingane na kauli za chama, na kuyatupa maandishi ya awali katika matundu ya ukutani yanayoelekea kwenye matanuri. Sasa anaifanya kazi ile ile kichwani mwake, na kinachotupwa si habari ya gazeti, bali furaha ya mama yake. Ni kweli kwamba alimsaliti mpenzi wake Julia mbele ya panya wa Chumba 101, chumba cha mateso ambamo kila mfungwa hukutanishwa na kile anachokiogopa zaidi, na usaliti huo ni mzito. Hata hivyo, ulitoka kwa mtu aliyezidiwa na hofu. Mkahawani hakuna anayemgusa. Julia aliwahi kumwambia kwamba chama kinaweza kumlazimisha mtu aseme chochote, lakini hakiwezi kumwingia ndani. Kimemwingia, na humo ndani kimepata karani.

Wapo wanaojifariji kwa kiambatisho cha mwisho wa kitabu, ambacho kinaieleza lugha ya utawala ule kwa wakati uliopita, kana kwamba umekwisha kuanguka. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa Orwell alikataa klabu moja ya vitabu ya Marekani ilipotaka kiambatisho hicho kiondolewe. Huenda kweli utawala ulianguka. Lakini faraja hiyo ni ya vizazi vilivyofuata. Mama na binti yake walitoweka, na shahidi pekee wa alasiri ile ameikana. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaousifu mwisho huu kuwa una matumaini yaliyofichwa.