Saa nane ya kadi ni saa mbili ya kwetu

Jumanne nilifika darasani nikakuta karatasi imebandikwa juu ya ubao: humu ndani ni Kiingereza tu. Mratibu akanivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba Kiswahili changu kinawachelewesha wanafunzi. Nimelala na neno hilo siku nne na bado limenikaa kooni, basi acha niliseme.

Darasa letu la Kiingereza la watu wazima liko hapa Kentucky, Marekani, chini ya kanisa, Jumanne na Alhamisi jioni. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo wa Fizi na Uvira waliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996. Wamo walioingia na mtoto mgongoni wakatoka na wajukuu. Mtu anashuka kwenye ndege ana miaka 50 na ushee, amelima, amezaa, amezika, ila kalamu hajapata kuishika. Huyo ndiye anayeambiwa Kiingereza tu.

Mwezi wa pili mama mmoja alinijia na bahasha ameikunja mara nne. "Mwalimu, hawa wananifukuza?" Barua ilitoka kliniki anakotibiwa presha. Amekosa miadi mara mbili. Akikosa ya tatu watamwondoa kwenye orodha. Akaapa hajakosa hata siku moja. Nikaomba kadi: 8:00.

"Ulikwenda saa ngapi, mama?"

"Saa nane. Na niliwahi, hata haijagonga."

Alikuwa amejifunza kwetu, na amejifunza vizuri: namba ile inasomwa nane. Sisi walimu wake hatukumwambia kwamba saa nane ya kadi ni saa mbili yetu ya asubuhi. Amebadilisha mabasi mawili kwenye baridi, akafika saa sita nzima baada ya wakati wake, wa mapokezi akamtikisia kichwa. Mara mbili.

Nilimchorea saa ya ukutani kwenye karatasi. Nikamwambia, weka kidole kwenye namba ya kadi, kisha vuka katikati mpaka namba inayotazamana nayo, hiyo ndiyo saa yako. Akaweka kwenye 8, kidole kikavuka kikatua kwenye 2. Akanyamaza. Akajaribu 10, kikatua kwenye 4. Akajaribu 3, ikawa 9. Kisha akawaita wenzake watatu waje waone. Haikupita dakika kumi. Maelezo yale ningeyatoa kwa Kiingereza kipi, kwa mtu mwenye maneno 40 ya Kiingereza?

Kwetu Tanzania jambo hili tulilijua zamani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshaanza kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mvuvi kitabu cha uvuvi. Bibi yangu alisoma hivyo, chini ya mwembe, baada ya kutoka shamba. Aliniambia siku aliyojua kwamba kweli anasoma ni siku ya mizani: karani wa ushirika alitaja kilo, bibi akainama akatazama mshale mwenyewe, akataja kilo nyingine. Kisomo kilimfikia kwa lugha aliyokuwa akipatania bei sokoni.

Wanafunzi wangu tunawafundisha nini? Wiki tatu za mwanzo tulikuwa na rangi na wanyama wa shambani. Mama aliyechunga ng'ombe maisha yake yote anaonyeshwa picha ya ng'ombe, wakati mfukoni ana chupa ya dawa ambayo hajui inywewe kutwa mara ngapi.

Ninaloamini ni hili: asiyejua kusoma kabisa aanze na ba be bi bo bu. Kiswahili kina vokali tano na kila moja hutamkwa ilivyoandikwa. Herufi a ya Kiingereza hubadilika sauti neno kwa neno. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishaelewa kwamba vialama hivi vinabeba sauti, lugha ya pili anaongeza zile sauti zake. Tukimwanzishia na ile ngumu tunambebesha mizigo miwili kwa safari moja, halafu akidondoka tunaandika kwamba mahudhurio yake ni mabaya.

Mratibu ana haki mahali pawili, nakubali ingawa kwa shingo upande. Tuna baba wa Kiafghani na dada wawili wa Haiti, na Kiswahili changu kikirefuka wanabaki wanatazama dari. Tena wapo wetu wanaojificha ndani ya Kiswahili, hawataki kutoa hata salamu ya Kiingereza. Na siku ya uraia itafika: atakaa mbele ya ofisa, aonyeshwe sentensi tatu za Kiingereza asome angalau moja, kisha asomewe tatu aandike angalau moja. Kiingereza lazima akipate. Mimi nazungumzia njia ya kukifikia.

Kupiga 911, namba ya dharura, na kutaja mtaa wako, kusoma karatasi ya mshahara, kujua kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku: vyote hivi vinamngoja kila mmoja wao, na vyote nimeviona vikieleweka kwa sentensi mbili za Kiswahili zikifuatiwa na mazoezi ya saa nzima ya Kiingereza.

Karatasi bado iko juu ya ubao. Nimemwomba mratibu aje Jumanne akae karibu na yule mama, aone anavyosoma kadi. Miadi yake mpya ni Alhamisi, 9:30. Pembeni mwa namba ameandika mwenyewe kwa penseli, herufi zimelala upande: *tatu na nusu*.