Ile siyo tata sosi, ni mayonezi yenye tango

Jumapili iliyopita tulimtoa mama akale samaki baharini. Ametimiza miaka 70, na mama ni mtu wa Tanga, ukitaka afurahi usimpelekee keki mpelekee samaki. Tukaenda mgahawa mmoja wa ufukweni hapa Dar, siutaji jina, unajaa kila wikiendi. Samaki alikuja vizuri kabisa, minofu ya changu imepitishwa kwenye yai na unga ikakaangwa mpaka nje inalia kwenye meno na ndani bado nyeupe laini. Pembeni kibakuli kidogo cha sosi, kwenye menyu wameandika tata sosi. Mama akachovya kipande, akatafuna, akanyamaza, halafu akaniinamia ili mhudumu asisikie, "Mwanangu, hii kastadi wameiweka kwa samaki ya nini?"

Nikaonja. Tamu. Yaani tamu ya sukari kabisa, mayonezi ya ndoo wameikatia tango bichi, lile lile la kachumbari, na tango limeshatoa maji yake chini ya kibakuli pana kidimbwi. Hakuna uchachu, hakuna ukali, hakuna chochote cha kumsaidia yule samaki. Mama akaomba ndimu, wakamletea kipande kimoja chembamba kama karatasi. Leo Alhamisi bado nina hasira, ndiyo maana naandika.

Niliwahi kufanya kazi jikoni miaka miwili kwenye hoteli ya watalii Zanzibar, upande wa sosi na saladi, na hiyo tata sosi nimeitengeneza mpaka mkono unaijua wenyewe. Kwa hiyo hapa siongei kwa kusikia.

Sosi hii ni ya Wafaransa, tangu karne ya 19, wao wanaiita sauce tartare. Jina wamewabandikia Watatari wa Asia huko lakini Watatari wenyewe hawahusiki nayo kabisa, ni jina tu la kupamba. Auguste Escoffier, yule mpishi mkubwa wa Ufaransa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1903 anaianza na viini vya mayai vilivyochemshwa vikakauka, anavisaga, anaviungia mafuta na siki, mwisho anatia vitunguu majani. Baadaye ndiyo imezoeleka hii ya mayonezi yenye matango madogo ya siki, na kepa, vile vichipukizi vya maua vidogo vidogo vya kijani vinavyohifadhiwa kwenye chumvi au siki. Waingereza wakaiweka pembeni ya samaki na chipsi zao. Wamarekani nao, mwaka 1962 pale Cincinnati, Lou Groen mwenye tawi la McDonald's alibuni mkate wa samaki kwa sababu wateja wake wengi walikuwa Wakatoliki na Ijumaa za Kwaresma hawali nyama, na ndani ya ule mkate kuna tata sosi. Kwa hiyo imesafiri, imebadilika, sawa. Lakini popote ilipokwenda kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni uchachu.

Na hapa ndipo napotaka tuelewane. Ile sosi haikuwekwa pale ili samaki awe na kitu cheupe pembeni. Samaki wa kukaanga ana mafuta, unga wake umekunywa mafuta, ukila vipande vitatu ulimi umeshafunikwa, ladha ya samaki huisikii tena, unasikia ukaango tu. Sasa uchachu ndio unaofuta. Unakata mafuta, mate yanatoka, kipande cha nne unakisikia kama cha kwanza. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa hawampi mtu samaki bila ndimu, ndiyo maana kuna achari ya embe, kuna ukwaju, kuna ndimu za chumvi kwenye chupa juu ya kabati. Pwani nzima inalijua hili bila kufundishwa na Mfaransa. Mfaransa yeye ametumia tango la siki na kepa, sisi ndimu na ukwaju, kazi ni ile ile. Kwa hiyo ukichukua mayonezi yenye sukari ukatia tango bichi ambalo ni maji matupu, umeongeza mafuta juu ya mafuta na utamu juu yake. Umefanya kinyume kabisa cha kazi ya sosi. Na umefanya hivyo katika mji ambao ndimu zinauzwa kila kona kwa mafungu, na samaki anashuka sokoni Feri alfajiri bado macho yanang'aa. Mvuvi amekesha baharini, samaki amefika mzima, halafu hatua ya mwisho kabisa mtu anamharibu kwa kijiko cha ndoo. Inaniuma kweli.

Basi nikarudi nyumbani, Jumatatu nikaitengeneza, mama akala. Nawaambia nilivyofanya.

Matango kwanza, maana hayo yanaanza jana yake. Chupa za matango ya siki supamaketi zipo lakini bei yake inaumiza, na nyingi zina sukari, soma nyuma ya chupa. Mimi nilichukua matango mawili membamba machanga, nikatoa mbegu, nikayakata vipande, nikayamwagia chumvi nusu saa. Yametoa maji kiasi cha kikombe cha kahawa, na hayo ndiyo maji ambayo kule mgahawani yaliishia kwenye sosi. Nikayakamua kwa kitambaa kwa nguvu, nikayalaza kwenye siki na punje chache za pilipili manga usiku kucha kwenye friji. Asubuhi yanalia yakitafunwa.

Mayonezi sasa, kwanza ile ya kawaida ya mayai mabichi, ya mama nitaieleza chini. Viini viwili, mayai yawe yamekaa nje ya friji, ya baridi yanasumbua. Kijiko cha chai cha haradali, ile ya kupaka ya kwenye kichupa, chumvi, matone ya ndimu. Bakuli unaliweka juu ya kitambaa kibichi ili lisizunguke, maana mkono mmoja unapiga na mwingine unamimina. Mafuta ya alizeti robo lita, yale yaliyosafishwa, yale ya kukamua yenye harufu nzito ni matamu kwenye mboga lakini hapa yatameza kila kitu. Na unaanza kwa tone. Nasema tone kwa maana ya tone, unachovya kijiko kwenye mafuta unadondosha, unapiga mpaka limepotea, unadondosha lingine. Mafuta na maji hayapatani, kinachoyapatanisha ni lesithini iliyomo ndani ya kiini, inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, lakini ukiyaleta mafuta mengi kwa mpigo inazidiwa, sosi inakatika, unabaki na uji wenye mafuta yanaelea juu. Dakika tatu nne za mwanzo ndizo ngumu. Halafu unafika mahali sauti inabadilika, jamani hii naipenda mno, ule mlio wa maji maji wa kupiga mayai unakuwa mzito, unakuwa kama mtu anakanyaga tope, rangi inafifia kutoka njano ya kiini kuwa kama krimu, na kile cha waya unachopigia kinaacha mistari isiyofutika. Ukisikia hivyo ujue imeshika, sasa unaweza kumimina mafuta kama uzi.

Ikikatika usimwage. Chukua kiini kingine kwenye bakuli safi, anza kukipiga, halafu ile iliyokatika uirudishe kidogo kidogo kama vile ndiyo mafuta. Inarudi. Nilifundishwa na mpishi mkuu wetu kule Zanzibar siku niliyoharibu bakuli la lita tatu nikitetemeka najua nimefukuzwa, na yeye hakunifokea, alivua saa yake akaiweka kaunta akasema lete yai.

Baada ya hapo ni kisu. Matango vijiko vitatu vya mezani vimekatwakatwa, kitunguu majani, pasli, yale majani ya kunukia, kama umepata, na kepa vijiko viwili. Sasa kepa. Kepa ni ghali na kuipata ni shida, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa wanarudi kwenye ndoo. Wala usirudi. Chukua achari ya ndimu, ile ya chumvi tupu isiyo na mafuta wala pilipili, ioshe kidogo, toa mbegu, ikate ndogo ndogo sana mpaka kama punje za mchele. Ina chumvi, ina uchachu, ina ule uchungu kidogo wa ganda, na hayo matatu ndiyo kazi ya kepa kwenye sosi hii. Kijiko kimoja kinatosha, ina nguvu. Nakubali, Mfaransa akionja atasema siyo yake, na harufu ya yale majani yao ya taragoni haipo, sawa, hilo sibishi. Lakini kati ya yangu ya achari na ile ya mgahawani, huyo huyo Mfaransa atajua ipi imetoka kwenye ukoo wake. Kata kwa kisu, blenda itakupa uji wa kijani. Changanya, onja, ongeza ndimu mpaka ichachue kupita unavyodhani inafaa, maana utaila na samaki, hutailamba peke yake. Iache friji nusu saa ndiyo uile.

Kuhusu mayai mabichi najua mtaniuliza, na mna haki. Uingereza tangu 2017 serikali imewaruhusu hata wajawazito na watoto kula mayai mabichi yenye muhuri wa simba, kwa sababu kule kuku wanachanjwa na yai linafuatiliwa tangu bandani. Trei ninayonunua mimi dukani mtaani haina muhuri wowote, sijui kuku kakaa wapi. Na usidanganyike na maneno kwamba ndimu inalipika yai, ndimu hailipiki na vijidudu vya salmonela, vile vya kuharisha, havifi kwa kukamulia ndimu dakika kumi. Mama yangu ana miaka 70, nisingempa yai bichi hata kidogo. Nilichofanya ni kurudi kwa Escoffier, viini vya kuchemsha. Viini vitatu vilivyoiva kabisa, nikavisaga na haradali na kijiko cha siki mpaka vikalainika kama siagi, mafuta yakafuata kwa tone vile vile. Inashika, inakuwa na chengachenga kidogo ukilinganisha na ya mayai mabichi, lakini ina uzito mzuri, na ule ute mweupe ulioiva unaukatia humo humo, haupotei. Vyovyote utakavyofanya isikae mezani na joto la Dar zaidi ya saa moja, na ndani ya friji siku tatu, basi.

Kuna wanaosema haya ni mapishi ya wazungu tuachane nayo. Chapati je, si nayo ilitoka nje?

Kuna wanaosema haina haja, ya chupa ipo. Ipo, na siku umechoka itumie, ila ikamulie ndimu nzima na utie achari, itakusogeza.

Mtu nisiyemlaumu kabisa ni mpishi. Siku ile kabla hatujaondoka niliomba kumuona, akatoka kijana mdogo, aproni imelowa, anaogopa nimekuja kugomba. Nikamwambia mdogo wangu samaki umemkaanga vizuri sana, hongera, lakini sosi ni ya nani? Akaangalia nyuma kwanza. Akaniambia, "Dada, chuoni tulifundishwa tukaifanyia na mtihani, mimi naijua. Ila hapa inakuja ndoo, bosi anasema wateja wanapenda tamu." Akanitajia vitu vyote kwa mpangilio, mpaka kepa, mpaka pasli, kama mtu anasoma shairi alilolikariri utotoni. Hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko hata kibakuli. Kijana amesoma, wazazi wamelipa ada, ana mkono, halafu kazi anayopewa ni kufungua mfuniko. Mwaka mmoja hivyo, miwili hivyo, ule mkono unasahau, na yule atakayekuja chini yake hatakuwa na wa kumvulia saa aseme lete yai. Wenye migahawa, mnaokoa shilingi ngapi? Robo lita ya mafuta, mayai mawili, ndimu na dakika ishirini za mtu ambaye mshahara mnamlipa tayari.

Nikamwachia namba yangu, nikamtumia ile ya achari ya ndimu kwa WhatsApp. Jana usiku akanitumia picha. Siyo ya mgahawani, bosi bado hajakubali, ni nyumbani kwake Mbagala, sahani ya bati ina tasi watatu wa kukaanga wamepasuliwa mgongo, bakuli la plastiki la sosi lina madoa ya kijani, na kidole cha mtoto kimeshazama ndani. Chini kaandika, "Dada, achari niliomba kwa jirani. Imeshika."