Nguo ya Rehani na Hasira ya Mungu katika Amosi

Wasomaji wengi wa Biblia huingiwa na mashaka wakifika kwa manabii. Mungu wa Agano la Kale, wanasema, ni mwepesi wa kuteketeza miji, heri tukimbilie Injili. Wazo hilo ni la kale. Marcion, mwalimu wa Kikristo, alilifundisha Roma katika karne ya 2, kanisa likamtenga, na mpaka leo lina wafuasi wasiomjua kwa jina.

Hoja yao ina uzito. Nabii Amosi anapomtangazia hukumu Amazia, kuhani wa Betheli, anayeambiwa atakuwa kahaba ni mkewe, na watakaoanguka kwa upanga ni wanawe na binti zake (7:17). Tena Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, ilipoangushwa na Waashuru karibu mwaka 722 KK, maskini aliyetetewa na Amosi hakuwa na nchi nyingine ya kukimbilia. Sioni jibu linalolimaliza jambo hili, na mhubiri anayelipita mbiombio anawanyima haki wanaomsikiliza.

Ila tuulize hasira hiyo inaanzia wapi. Amosi, mfugaji wa Tekoa katika Yuda, alitabiri kaskazini, katika ufalme wa Israeli, siku za mfalme Yeroboamu wa Pili, wakati matajiri wakijengea pembe za ndovu. Mashtaka yake yanashikika. Efa, kipimo cha nafaka, imepunguzwa, shekeli, uzani wa kupimia fedha, imeongezwa, makapi ya ngano yanauzwa, mhitaji anauzwa kwa jozi ya viatu. Halafu linakuja lile ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: wanajinyosha kando ya kila madhabahu juu ya nguo zilizowekwa rehani (2:8).

Nguo hiyo ina sheria yake. Kutoka 22 inaagiza kwamba ukitwaa vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika; alale na nini? Akinililia nitasikia, asema Mungu, kwa kuwa nina huruma. Mistari michache kabla ya hapo, juu ya mjane na yatima, Mungu huyohuyo anasema hasira yake itawaka. Huruma na ghadhabu zimo katika fungu moja, na kinachoziamsha zote mbili ni kilio cha mnyonge. Sasa mtazame mdai wa Israeli. Mwenye nguo anatetemeka kwa baridi, huku mdai yuko ibadani, amelitandika vazi lile mbele za Mungu aliyeagiza lirudishwe. Kama Mungu hakasiriki hapo, huruma yake inamsaidia nini yule anayetetemeka?

Wala hasira hii haipendelei taifa. Inaanzia Dameski, Gaza na Tiro, inapita Yuda, inaishia kwa Israeli, walioteuliwa, na kwa sababu hiyohiyo ya kuteuliwa.

Nabii mwenyewe haifurahii. Alipoonyeshwa nzige, kisha moto, aliomba mara mbili: Yakobo, yaani Israeli, atasimamaje, naye ni mdogo? Mara zote mbili Bwana akaghairi. Ni kweli Amosi aliusoma hata ukame kama wito wa Mungu, lakini sura hiyo ya 4 inaanza kwa kuwakemea matajiri wa Samaria wanaowaonea maskini. Anayewaambia watu waliopoteza nyumba mafurikoni kwamba Mungu amewaadhibu anayachukua maneno ya Amosi na kuwaelekezea walewale ambao Amosi alikuwa akiwatetea.