Samoni wa British Columbia: wenyeji hawako upande mmoja

Habari za samoni wa British Columbia, Kanada, husimuliwa kana kwamba wenyeji wa asili wako upande huu na kampuni za ufugaji, kubwa zake za Norway, upande ule. Mimi naona simulizi hiyo inaficha jambo lenyewe.

Samaki hao hufugwa baharini ndani ya vizimba vya nyavu, mithili ya vile vya sato Ziwa Victoria, ila vikubwa zaidi. Hoja nzito ya wapinzani ni chawa wa baharini. Kiasili, chawa huja na samoni wakubwa wanaorudi mitoni kutaga, kisha huanguka samaki wakishaingia maji yasiyo na chumvi. Miezi inapita, samoni wachanga wanatoka mtoni wakikuta bahari karibu haina chawa. Kizimba kinavuruga mpangilio huo: kina samaki tele majira yote ya baridi, chawa wanapata pa kuzaliana, na wachanga wakishuka wanakutana nao njiani. Aina moja ya samoni huingia baharini ikiwa na uzito usiofika gramu 1. Chawa wachache tu wanammaliza.

Ndiyo maana mwaka 2017 wenyeji wa visiwa vya Broughton walipiga kambi juu ya vizimba. Mwaka uliofuata walipata makubaliano na serikali ya jimbo: kati ya mashamba 17, mengine yaondoke kwa awamu, mengine yasiendelee baada ya 2023 bila ridhaa yao.

Wanasayansi wa serikali kuu, kwa upande wao, walipima vimelea tisa vya magonjwa mwaka 2020 wakasema hatari kwa samoni wa mto Fraser ni ndogo. Sawa, lakini chawa hawakuwamo katika hesabu hiyo. Hapo wafugaji wanaoegemea hesabu hiyo hawanishawishi.

Wanaonishawishi ni Wakitasoo Xai'xais, wenyeji wa asili wa kijiji cha Klemtu, wanaofuga kwa ubia na kampuni na kutegemea sana ajira hiyo. Usiwaite watu walionunuliwa: mwaka 2022 ni hao hao waliotangaza hifadhi ya bahari katika ghuba yao ya Kitasu, bila kungoja serikali kuu ya Kanada iliyoko Ottawa.

Juni 2024 Ottawa ilitangaza kuwa vizimba vya wazi vitakoma pwani yote ya jimbo ifikapo katikati ya 2029. Kwa Broughton, penye njia nyembamba za wachanga, ningeunga mkono bila kusita. Kwa Klemtu ningeacha ridhaa ya wenyeji iamue, chawa wakihesabiwa na watu wasiolipwa na kampuni. Serikali inasema ufugaji uhamie kwenye matangi yaliyofungwa. Klemtu hufikiwa kwa boti au ndege tu, na mwekezaji wa matangi ya nchi kavu atatafuta kwanza penye barabara na umeme wa kutosha.