Inategemea figo imekatwaje
Kuna makala inayosema uvimbe wa figo ni nadra kukutwa kwenye uchunguzi wa maiti. Sawa, lakini figo ilikatwaje? Ukiipasua mara moja tu katikati, kinundu cha milimita 3 kilichojificha pembeni hutakiona. Vua kwanza utando wa nje, maana vinundu vingi hukaa chini yake tu, kisha kata figo zote mbili vipande vya milimita 3 hadi 5. Hapo hesabu hubadilika kabisa: adenoma ndogo za papila (vivimbe vidogo visivyo saratani) si ajabu, hasa kwa wazee na waliosafishwa damu kwa mashine miaka mingi. Vile vinundu vyeupe vidogo ndani ya piramidi (sehemu za ndani za figo zenye umbo la pembetatu) navyo huonekana sana, na kwa kawaida havina madhara.

Halafu kuna suala la kipimo. Kikomo cha ukubwa wa kinundu kuitwa adenoma kilikuwa milimita 5. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likakipandisha hadi 15. Kwa hiyo takwimu za zamani na za sasa hazilinganishwi hivi hivi. Na kila kinundu kipitie kwenye hadubini. Rangi ya njano peke yake haithibitishi saratani; hata kipande cha tezi ya adrenali (tezi iliyo juu ya figo) kilichopotea njia kikakaa kwenye figo huwa cha njano.