Boba Fett wa elfu mbili na Boba Fett wa laki saba

Belo likifunguliwa pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, akina mama hukimbilia mashuka na vijana hukimbilia viatu. Fungu la midoli hubaki juu ya turubai halina wa kuligombania: dubu mwenye jicho moja, magari yasiyo na matairi, wanyama wa plastiki waliotafunwa masikio. Mwezi uliopita nilikuwa nachambua fungu hilo kwa ajili ya mwanangu, mara nikaona kofia ndogo ya kijani yenye mwanya mweusi wa herufi T usoni. Moyo ukanienda mbio.

"Hiyo elfu tatu, kaka," muuzaji akasema, maana alishayaona macho yangu. Nikampa elfu mbili, nikaondoka kabla hajaghairi.

Nje ya soko nikaugeuza mdoli, nikaufuta kwa kidole kilicholowa mate. Nilikuwa naomba chapa yake isomeke 1979, mwaka wa Boba Fett wa kwanza. Ikasomeka LFL (yaani Lucasfilm, wenye Star Wars), 1995, China. Basi, ndiyo mitumba.

Kwa asiyemjua, Boba Fett ni mwindaji wa watu kwa malipo katika filamu za Star Wars. Hana upanga wa mwanga wala nguvu za ajabu. Ana deraya iliyobonyeabonyea, roketi mgongoni, na kofia asiyoivua. Katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980 anasema sentensi nne tu. Katika Return of the Jedi ya 1983 anaishia kutumbukia kwenye kinywa cha dude la jangwani, tena kizembezembe. Ukijumlisha filamu zote tatu za mwanzo, hafikishi dakika saba machoni pa mtazamaji. Na bado midoli yake inasakwa na wakusanyaji kuliko ya mashujaa wanaoongea kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ubishi wangu na shemeji ulianzia hapo. Shemeji ni mwongoza watalii, anaishi Njiro, Arusha, na ana njia yake ya kupata midoli: mgeni anayerudi Serengeti mara ya pili haombwi chokoleti, anaombwa nafasi kidogo kwenye begi. Kwa njia hiyo amepata Boba Fett wa sentimita 15 wa Black Series, mfululizo ambao kampuni ya Hasbro iliuanzisha mwaka 2013 na Boba Fett akawamo tangu mwanzo. Huko Marekani midoli ya aina hiyo huuzwa kama dola 25. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni elfu sitini na ushee, kabla hujagusa nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18 kama ungeuleta kwa njia ya kawaida. Alikuja nao Moshi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Baada ya machalari tukasogeza sahani, tukawasimamisha wawili hao mezani. Wake ulikuwa ndani ya boksi, kwenye dirisha la plastiki. Wangu ulikuwa na doa la kitu kama rangi ya kucha begani.

"Shem, hicho chako kina kifua cha mbeba lumbesa," akasema.

Siwezi kubisha. Midoli ya Star Wars ya mwaka 1995 ilichongwa misuli kana kwamba wote, pamoja na msichana wa kifalme, wametoka kunyanyua vyuma. Wa kwangu unasimama kama askari aliyeganda kwenye gwaride: shingo inazunguka, mikono inapanda na kushuka, miguu inakunjwa kiunoni, lakini magoti na viwiko havikunjiki. Wa kwake una magoti, viwiko na vifundo, una joho la kitambaa begani, na deraya imepakwa michubuko midogo midogo inayoonyesha chuma chini ya rangi.

Na shemeji hakuishia kwenye sifa za viungo. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Vazi la Boba Fett lilibuniwa na Ralph McQuarrie na Joe Johnston, na mwanzoni lilikuwa jeupe, la kikosi kizima cha askari maalumu. Baadaye kikosi kikafutwa, akabaki mtu mmoja mwenye vazi la viraka na rangi iliyochoka. Kila mbonyeo ni vita ambayo hatukuoneshwa. "Mtu ana sentensi nne," shemeji akasema. "Nguo ndiyo inamsemea. Ukimchonga bila michubuko umemkata ulimi."

Hapo nilinyamaza kidogo, nikajifanya namimina chai. Kwa mhusika mwingine yeyote ningesema michubuko ni mapambo. Kwa huyu ndiyo maneno yake.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa midoli mikubwa hulipita haraka. Boba Fett alikuwa mdoli kabla hajawa mtu wa sinema. Mwaka 1979, filamu ya pili ikiwa bado inatengenezwa, kampuni ya midoli ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, ilitangaza kuwa mtoto akikusanya vithibitisho vinne vya ununuzi na kuvituma kwa posta, atapata Boba Fett mwenye roketi ya mgongoni inayofyatuka kweli. Watoto hao walikuwa hawajamwona sinemani. Kwenye skrini alikuwa amepita mara moja tu, tena kama katuni, katika kipindi cha televisheni cha Novemba 1978. Mwaka 1980 wakiingia ukumbini, wengi walikuwa wameshamzoea kwenye viganja vyao. Kwa hiyo unaposema mdoli mdogo "haufanani na filamu," mimi nauliza ni nani aliyetangulia.

Kisha ule ufyatuaji ukafa kabla haujazaliwa. Mtoto mmoja Marekani alikabwa na kombora dogo la chombo cha kuchezea cha tamthilia ya Battlestar Galactica, kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel, akafariki. Viwanda vyote vikashtuka. Mafundi wa Kenner walikuwa wamehangaika na kifungio cha roketi, kwanza mfereji wa umbo la L mgongoni, kisha wa umbo la J ili isifyatuke ovyo, lakini mwishowe roketi ikagandishwa. Watoto walipofungua vifurushi walikuta kombora lisilotoka na barua ya kueleza kwamba ni kwa ajili ya usalama. Ile midoli michache ya majaribio, ambayo haikuuzwa dukani hata mmoja, ndiyo leo inatikisa minada. Mwaka 2024 mmoja uliuzwa na wapiga mnada Heritage Auctions kwa dola 525,000. Kwa hesabu yetu ile ile ni zaidi ya shilingi bilioni 1.3, kwa plastiki ya sentimita tisa na nusu yenye viungo vitano.

Nililiweka hilo mezani kama mtu anayetupa karata ya mwisho. Shemeji akacheka.

"Hiyo ni bei ya uhaba, Shem, siyo ya uzuri. Hata stempu iliyochapwa kichwa chini inauzwa ghali. Hakuna anayesema ni nzuri."

Amenikamata. Bei ya mnada haithibitishi kuwa mdoli mdogo ni bora, inathibitisha tu kwamba watu wazima wanalipia ahadi waliyovunjiwa utotoni. Kwa hiyo naiacha hoja ya pesa, nabaki na ya ukubwa.

Kabla ya Kenner, askari wa kuchezea wa Marekani kama G.I. Joe walikuwa na sentimita 30. Kenner walishuka hadi sentimita tisa na nusu kwa sababu filamu ilijaa vyombo vya kusafiria, na mdoli mkubwa ungehitaji chombo kisichopita mlangoni. Tulete hesabu hiyo nyumbani. Hiace ina karibu mita tano. Mdoli wangu, ambao ni sehemu moja ya kumi na nane ya mtu, ungehitaji Hiace ya sentimita 28, yaani kitu ambacho fundi wa mabati anakukatia kwa mabaki. Wa shemeji ungehitaji ya sentimita 42. Ule wa sentimita 30 ungehitaji ya sentimita 83, na hiyo ni meza. Mdoli mdogo umeumbwa uwe sehemu ya kitu kingine, upande, ushuke, udondoke. Mkubwa umeumbwa usimame peke yake utazamwe.

Nimetaja wa sentimita 30, basi nimalize habari zake. Hao hutengenezwa na Hot Toys wa Hong Kong na wenzao, nguo zao hushonwa kwa kitambaa halisi, na bei yake ni kati ya dola 250 na 300, kwa hiyo laki sita hadi saba na nusu. Nimeona mmoja Arusha, kwenye kabati la kioo, na mwenyewe aliniomba ninawe mikono kwanza. Ni mzuri wa kutisha. Ukiinama unajisikia unatazamwa wewe. Lakini kwa hali ya hewa yetu, vumbi la Januari linaloingia hata kwenye sukari, na jua la dirisha la magharibi, kitu chenye nguo za kushonwa na ngozi ya bandia kinahitaji malezi ya mtoto njiti. Ngozi hiyo ya bandia hupasuka na kubanduka na miaka, hata ukiitunza. Mwenye kabati la kioo na moyo wa subira amchukue. Mimi sina hata kimoja.

Linabaki suala la boksi, ambalo ndilo lilinipandisha sauti. Shemeji hafungui. Anasema thamani imo ndani ya boksi, na kwa nchi za wenzetu ni kweli: kuna taasisi iitwayo AFA inayopima midoli na kuipa alama kama za mtihani, kati ya mia moja, kisha kuifungia kwenye plastiki ngumu. Alama 85 mtu anajivunia. Ila nani wa kumuuzia hapa? Mnunuzi yuko Dallas, Marekani, mdoli uko Njiro, na katikati kuna posta, bima na mtu wa kukuuliza kama ni feki. Feki zimejaa, hadi wakusanyaji wa ile midoli ya zamani hutumbukiza vibunduki kwenye maji waone vinaelea au vinazama, na hata hilo wenyewe wanasema halitoshi.

Zaidi ya hapo, mdoli wangu wa Memorial ni ushahidi dhidi yake. Ile ya 1979 ikawa adimu kwa sababu watoto waliichezea, wakaizika mchangani, wakapoteza bunduki zake. Mwaka 1995 watu wazima walikuwa wameshajifunza somo, wakanunua kwa makatoni na kuifungia kabatini wakisubiri utajiri. Kila mtu akatunza, hakuna kilichopungua, bei haikupanda. Kilichopata bei kidogo ni kosa la rangi: baadhi ya Boba Fett wa mwaka huo walikuwa na nusu duara mgongoni mwa kiganja badala ya duara zima. Niliukagua wangu kwa tochi ya simu. Duara zima. Elfu mbili ni haki yake.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuamua, nasema hivi. Mtu mzima anayetaka Boba Fett mmoja wa kumtazama akitoka kazini, amchukue wa sentimita 15. Michubuko ile inastahili hela yake, na shemeji yuko sahihi kwamba nguo ndiyo inaongea. Ila amtoe kwenye boksi. Ukimnunua kwa ajili ya joho na viwiko halafu usimguse, umelipia elfu sitini kwa picha ya kwenye kadibodi. Na kama nyumbani kuna mtoto, mdogo anashinda, hata huyu wangu mwenye kifua cha kuazima.

Tukiwa bado tunabishana, mwanangu alikuwa chini ya meza na Hiace yake ya bati. Alikuwa amemning'iniza Boba Fett mlangoni, mkono mmoja umeshika ukingo wa paa, mwingine umeinuliwa juu. Kiungo kimoja cha bega kilitosha kupata konda kamili. "Majengo, Majengo, wawili bado!" Dereva alikuwa kizibo cha soda.

Baadaye akainuka, akaweka kidevu mezani, akachungulia kwenye dirisha la plastiki la boksi la shemeji. Akatazama joho, bunduki, na zile nyuzi zilizomfunga mikononi na kiunoni.

"Anko," akauliza, "huyu amekamatwa?"

Shemeji alinitazama, akatazama boksi. Hakumjibu. Jioni akiondoka kurudi Arusha aliliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda.