Wasomaji wa riwaya tunao, wako kwenye simu

Kila nikirudi Tanga likizo, hakosekani mtu wa kuniambia, "Wenzetu huko wanasoma, sisi hatusomi." Na hapa Leipzig, Ujerumani, ninapoishi, Watanzania wenzangu husema hivyo hivyo, tena kwa uchungu zaidi. Mimi nimependa riwaya tangu utotoni, na sasa ninaandika ya kwangu nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kauli hiyo naikataa.

Kwa haki, Wajerumani wamejipanga. Sheria yao ya mwaka 2002 inataka kitabu kipya kiuzwe kwa bei moja nchi nzima, kwa hiyo duka dogo la mtaani haliuawi kwa punguzo la maduka makubwa. Ukiulizia riwaya isiyokuwepo, muuzaji anaiagiza jioni na mara nyingi kesho yake unaikuta imefika. Maktaba ikiazimisha kitabu, mwandishi naye hupata chake kidogo. Mitaani kuna makabati ya vitabu yasiyo na kufuli, unachukua kimoja na kuacha kingine.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni jioni za kusomewa. Mwandishi anakaa kwenye meza ndogo yenye taa na glasi ya maji, watu wamekata tiketi mlangoni, naye anasoma kurasa zake mwenyewe karibu saa nzima. Hakuna muziki wala hotuba ya mgeni rasmi. Siku moja nilikaa karibu na fundi bomba aliyekuja na nguo zake za kazi, magoti yamepauka kwa saruji. Alikuwa ameandika namba ya ukurasa kwa kalamu nyuma ya kiganja. Wakati wa maswali alisimama akamuuliza mwandishi kwa nini yule dada mkubwa hakupelekewa habari za msiba, na akataka jibu kweli, si la kumridhisha tu. Mwezi Machi, wakati wa maonyesho ya vitabu ya Leipzig, mikutano ya namna hii hutapakaa mji mzima, kuanzia maktabani hadi mikahawani.

Sasa njoo kwetu. Mtu mzima akifungua riwaya kwenye daladala, jirani yake atamuuliza, "Unasomea nini?" Swali halina ubaya, ila linaonyesha riwaya tumeiweka wapi. Tumeifungia kwenye mtihani. Tulifundishwa kutafuta dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kisha tujibu kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Aliyemaliza kidato cha nne akarudisha kitabu shuleni, na uhusiano wake na riwaya ukaishia hapo. Hata ugomvi wetu mkubwa juu ya riwaya ulikuwa wa shule: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kufundishwa humo humo.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, naiunga mkono kwa moyo wote. Imewapa waandishi chipukizi sababu ya kumaliza miswada yao. Ila kitabu cha mshindi nacho huchapishwa kikapelekwa mashuleni, na mama yangu mdogo anayeuza vitenge hayuko shuleni. Yeye kitabu kitamfikia kwa njia gani?

Kisa cha mwandishi Abdulrazak Gurnah kinaeleza jambo hili vizuri. Alipopata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tafsiri zake za Kijerumani zilikuwa zimekwisha madukani. Hata huku alikuwa amesahauliwa. Kabla mwaka haujaisha, riwaya yake ya Paradise ilikuwa imerudishwa kwenye rafu kwa Kijerumani. Kwetu, Mzanzibari huyu hakuwa na riwaya hata moja iliyochapishwa kwa Kiswahili mpaka mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri hiyo hiyo kwa jina la Peponi, na wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa. Nilipoisoma nilisikia watu wanaongea kama ninavyowajua. Lakini aliyeko Handeni au Kigoma akiitaka leo, ataipata duka gani? Dar es Salaam kuna duka la vitabu la TPH pale Samora. Mikoani mambo ni magumu, maduka mengi ya vitabu ni ya daftari na vitabu vya kiada.

Hapo ndipo shida ilipo, kwenye njia ya kumfikishia msomaji kitabu. Msomaji mwenyewe yupo. Nani asiyejua hadithi za kuendelea za Facebook na WhatsApp? "Sehemu ya kumi na mbili," halafu inakatika pale pale bunduki inapotolewa, na chini yake watu mia wanaandika "weka nyingine basi jamani". Wapo wanaolipia kwa simu ili wapate sehemu zilizobaki. Kabla ya hapo yalikuwepo magazeti, na Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi kwa mtindo huo huo. Kuna wasomi wanaozidharau hadithi hizi. Mimi nasema anayesubiri saa tano usiku sehemu mpya itoke ni msomaji, tena msomaji wa kweli.

Mswada wangu nautuma nyumbani sura kwa sura, kwa binamu na mashoga zake. Majibu huja kwa sauti. "Dada, huyo bwana usimrudishe kwa mkewe, hatutaelewana!" Mwingine, ambaye mumewe ni dalali wa samaki pale Deep Sea, Tanga, alinieleza dakika nzima jinsi mnada unavyokwenda mashua zikifika, nani anaongea kwanza na nani ananyamaza. Hapa Ujerumani sijawahi kupata mhariri wa namna hiyo.

Ndiyo maana wanaonishauri niandike Kijerumani au Kiingereza "ili nitoke" siwafuati. Said Ahmed Mohamed alifundisha miaka mingi Bayreuth, hapa hapa Ujerumani, na akaendelea kuandika riwaya zake kwa Kiswahili. Wanaogombana nami juu ya wahusika wangu wako Tanga, mitaa ya Ngamiani na Chumbageni, na kitabu chenyewe nataka wakipate wao kwanza.

Kwa wachapishaji wetu nina ombi: uzeni riwaya sura kwa sura kwa simu, mwandishi alipwe, kisha chapeni kitabu kwa wanaotaka kukishika. Na wewe mwenye saluni, nunua riwaya mbili tatu uziweke karibu na kioo. Mteja wa rasta anakaa kwako tangu asubuhi mpaka alasiri, na simu yake itaisha chaji.